Sahani ya Kuonja

Moyo wa ng'ombe hukatwa ukiwa baridi. Josepha Kokulinda alilijua hilo baada ya kuharibu mioyo miwili: ukikatwa ungali na joto la buchani, hutoa maji mekundu mepesi yanayotambaa juu ya ubao na kuingia kwenye mikono ya gauni. Kwa hiyo jioni nne za wiki aliulaza kwenye jokofu, na asubuhi yake, saa kumi na mbili na robo, aliutoa, akaondoa mafuta meupe na mishipa migumu, akaukata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na kuvichemsha bila chumvi. Balozi, paka dume wa rangi ya majivu, aliketi kando ya jiko akitazama ukuta kwa adabu mpaka chakula kilipopoa.

Kwenye mlango wa jokofu palibandikwa karatasi ya Daktari Luhaga wa mifugo, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandikia wenye ng'ombe. Nyama, si ugali. Moyo mara nne kwa wiki. Ini mara moja tu, lisizidi kijiko. Sato wa kuchemsha asiye na mwiba. Maziwa hapana. Kitunguu hapana. Mstari wa mwisho, uliopigiwa mistari miwili chini yake, ulisema: Dagaa hapana kabisa.

Mstari huo ulikuwa na historia yake. Josepha alikuwa afisa lishe wa shule moja ya bweni kwenye barabara iendayo Magu. Katika shule hiyo, kabla wanafunzi hawajapakuliwa, sahani moja ilichotwa kutoka kwenye sufuria kubwa na kupelekwa ofisini kwake ikiwa imefunikwa. Yeye alipaswa kuonja, kutia saini kwenye daftari, na hapo ndipo kengele ya chakula ilipogongwa. Ulikuwa utaratibu mzuri. Aliuandika yeye mwenyewe, pamoja na sababu zake, katika kurasa tatu.

Ila hakuweza kula dagaa. Alikulia Muleba, katika nyumba ya mwinjilisti wa Kilutheri ambamo ndizi zilipikwa na maharage na kila kitu chenye macho kiliondolewa kichwa kabla ya kufika mezani. Macho ya dagaa, yale meupe yanayobaki wazi hata baada ya kuchemka, yalimpandisha nyongo. Kwa miaka sita, basi, alikuwa akitia saini kwanza, kisha akiimimina sahani ndani ya kopo na kuipeleka nyumbani Pasiansi, ambako Balozi aliilamba mpaka sakafu ikang'aa. Josepha hakuwa mtu wa kusaini bila ushahidi. Paka, alijiambia, ana pua kuliko afisa yeyote. Akila, chakula kinalika.

Mwezi wa tatu Balozi alishindwa kukojoa kwa siku mbili. Daktari Luhaga alimwingiza mrija, na mkojo ukatoka ukiwa na rangi ya chai kavu, umechanganyika na chembe zilizokwaruza beseni.

"Mama, paka wako ana mawe," alisema. "Ninyi watu wa Kagera mnasomesha watoto mpaka ulaya, paka mnamlisha kama kuku."

"Ni dagaa wa shuleni, daktari. Hata wanafunzi wanawala."

"Hao wanafunzi sikuletewa. Nimeletewa paka." Akaandika karatasi.

Tangu siku hiyo Josepha hakubeba tena kopo. Sahani ilipokuja alitia saini, akaimwaga katika shimo la taka nyuma ya ofisi, akanawa mikono mara mbili.

Jumatatu ya pili ya mlo mpya, saa saba na nusu mchana, Balozi aliyekuwa amekula moyo mtupu alipanda kwenye mkeka wa sebuleni, akakunja mgongo na kutapika mchanga. Kija, mama wa Kisukuma aliyetunza nyumba hiyo kwa mwaka wa nane, alitoa taarifa jioni huku akikunja nguo.

"Kiasi gani?" aliuliza Josepha.

"Kibaba. Na unyoya."

"Wa ndege gani?"

"Kuku wa kisasa, mama. Mweupe."

"Umevitunza?"

"Nimefagia. Kwetu paka akitapika tunamfungulia mlango, hatumwandikii ripoti."

Jumatano vilikuwa vibaba viwili, na Kija, kwa kuwa sasa ameagizwa, alivihifadhi kwenye karai. Josepha aliuchambua mchanga huo kwa uma. Ulikuwa wa kijivu, umelowa ute unaovutika kama mlenda. Ndani yake mlikuwa na vichwa vya dagaa vilivyofumbua macho, kipisi cha sigara, uzi wa nyavu, kinyesi kilichokauka cha bata na funza watatu, wawili kati yao wakiwa hai. Ulinuka banda la kuku baada ya mvua. Josepha alitoka nje, akasimama penye upepo wa ziwani mpaka mate yalipoacha kumjaa kinywani, akarudi na kumalizia kuchambua.

Akabadilisha mlo. Alijaribu kidari cha kuku, sato, yai la kuchemsha, hata boga kijiko kimoja. Aliandika kila kitu kwenye daftari: saa ya kula, uzito wa chakula, uzito wa mchanga. Mchanga haukujali. Ulikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa saba na nusu, na Jumanne paka alikuwa msafi kama kikombe cha altareni. Siku kumi za likizo fupi hakutoa hata chembe. Ilimchukua Josepha wiki tatu kukubali kwamba ameisoma ratiba hiyo mahali fulani, na kwamba mahali penyewe ni ukuta wa jiko la shule, chini ya jina lake mwenyewe.

Daktari Luhaga alilisoma daftari lote, taratibu, huku mbuzi wa mtu akisubiri.

"Anakula vizuri," alisema. "Anakula kunishinda mimi. Tatizo si mlo wake."

"Ni nini basi?"

"Ni kazi. Ulimwajiri kuonja. Sahani umeacha kumpelekea, lakini nani amemwachisha kazi? Anaendelea kuripoti." Akamfunua Balozi midomo. Meno yalikuwa yamesagika, mafupi na bapa kama ya mbuzi mzee. "Ona. Na koo la paka si bomba la maji, mama. Hafiki mwaka mpya."

"Dawa yake?"

"Anayepaswa kuonja aonje. Sahani moja, amalize. Huyu atapumzika siku hiyo hiyo."

Josepha alishukuru, akamfunika Balozi kwa kanga na kurudi naye nyumbani.

Dagaa wa shule waliletwa na mumewe, Jovinary. Kule mwaloni, soko la samaki la ufukweni alikonunua, palikuwa na aina mbili. Kulikuwa na waliokaushwa juu ya chanja, waliong'aa kama sindano. Kulikuwa pia na waliomwagwa juu ya mchanga mtupu, wakapitiwa na bata na mbwa, wakanyeshewa, wakaanikwa tena, na hatimaye wakafagiliwa kwa ufagio pamoja na chochote kilicholala karibu. Hawa wa pili waliuzwa kwa wafugaji, na muuzaji hakumdanganya mtu: kila gunia aliliandika KUKU kwa rangi nyekundu. Jovinary aliyageuza magunia ndani nje. Josepha alikuwa ameyaona uani mara nyingi, na herufi zile zilisomeka kwa nyuma, kama zinavyosomeka kwenye kioo, na hakuwahi kuona sababu ya kuzigeuza.

Siku hiyo, wakati wa chakula cha jioni, aliliweka karai mezani. Jovinary aliuchota mchanga kwa ncha za vidole, akausugua.

"Mzuri huu," alisema. "Hauna udongo."

"Watoto wanakula nini, Baba Muganyizi?"

"Wanakula ratiba uliyoiandika. Dagaa, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Siku moja nilikosa kupeleka?"

"Ni wa kuku."

"Kuku wanataga." Alisema kwa upole, alikuwa mtu mpole. "Dagaa huoshwa, Mama Muganyizi. Jikoni kuna maji."

"Balozi atakufa."

"Basi onja. Si sahani moja tu?"

"Nikionja sitaweza kusaini."

Jovinary alifikiri kidogo. "Basi usionje," alisema, akamsogezea bakuli la ndizi.

Kija alikuwa akiondoa vyombo na alisikia yote. Binti yake, Queen, alikuwa kidato cha pili katika shule hiyo hiyo. Josepha ndiye aliyemwombea nafasi, na kwa ajili hiyo Kija hakuwahi kuinua sauti ndani ya nyumba hiyo. Kila Jumapili ya kutembelewa Queen alimweleza mama yake mambo ya shule bila kulalamika. Wanafunzi walikuwa wameacha kutafuna. Walimeza, kisha wakanywa maji, na meza iliyoshiba mapema iliimba ili meza nyingine zisisikie mchanga ukikwaruza meno yao.

Jumatano iliyofuata Kija alimngojea Josepha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngapi leo?"

"Karai zima. Na hiki." Alifungua pindo la kanga. Kilikuwa kipande cha jino, cheupe, chenye ukubwa wa punje ya mchele. "Cha Queen. Cha mbele, upande wa kushoto. Alipolivunja Jumatatu nilipigiwa simu."

"Una hakika ni chake?"

"Mama, hilo jino nimelisubiri liote miezi tisa baada ya la utoto kung'oka. Nitalisahau?"

Josepha alikitazama. Kisha akasema kwamba Ijumaa ataonja. Kija akasema, "Haya," akalifunga pindo, akaenda kuwasha jiko.

Ijumaa saa sita na dakika arobaini sahani ililetwa. Josepha alifunga dirisha, akaketi, akafunua. Mchuzi ulikuwa umeganda utando wa mafuta juu, na chini ya utando dagaa walilaliana kama mafagio yaliyochakaa, wote wakimtazama. Kulikuwa na unyoya mdogo. Aliuondoa na kuuweka pembeni. Akachukua dagaa mmoja kwa kijiko, akafumba macho yake kwa kuwa ya dagaa hayakufumbika, akatia kinywani na kung'ata.

Sauti ilipanda mpaka masikioni. Kisha ladha ikafika: matope, kinyesi, kutu, na nyuma yake kitu kitamu kilichooza. Alishika ukingo wa meza, akaanza kuhesabu ili afike kumi. Alimfikiria Balozi na koo lake. Alimfikiria Queen. Alipofika saba alimtema dagaa ndani ya leso.

Mwalimu mkuu, Revocatus, alikuwa amesimama mlangoni kwa muda.

"Afisa, wanafunzi mia nne wako mstarini," alisema. "Kuna tatizo?"

Josepha alifuta midomo. Alitazama sahani, akatazama daftari. Nje, mtu alikuwa amekwisha kushika chuma cha kengele.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema, akatia saini.

Jioni hiyo Kija alimwonyesha karai. Juu kabisa ya mchanga, mahali ambapo Balozi alitoa mwisho, alilala dagaa mmoja mzima aliyeng'atwa mara moja katikati, na alama zilikuwa za meno ya mtu mzima yaliyotunzwa vizuri.

Mchanga ulizidi uani. Jovinary, asiyependa kitu kipotee, alimweleza mwalimu mkuu, na kwa kuwa shule ilikuwa ikijenga bwalo jipya, lori dogo lilianza kupita Pasiansi kila Jumamosi. Fundi Nestory aliusifu. Alisema ni miaka hajapata mchanga uliochujwa vile. Unashika saruji vizuri, ingawa kuta, zikipata jua, zilivuta nzi. Bwalo lilimalizika Novemba. Siku ya kulifungua wanafunzi walikaa kwa mistari kati ya kuta nne, wakaimba, wakameza. Kija alikuwapo kama mzazi. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima kama plasta imekauka.

Balozi hakufa. Daktari Luhaga alimmulika koo kwa tochi mwezi wa kumi na mbili na kukuta limeota ngozi nene, yenye mikunjo, kama firigisi.

"Amezoea," alisema, akazima tochi. Meno ndiyo yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo aliandika karatasi mpya: moyo usagwe, uwe laini kama uji. Mengine yasibadilike. Uzito wake ulikuwa mzuri na manyoya yaling'aa. Daktari alisema hajaona Mwanza nzima paka anayelishwa kwa uangalifu kama huyo.

Jumatatu moja katikati ya Januari, Josepha alirudi akamkuta Kija akiosha mikono bombani, na kando yake makarai mawili yaliyojaa.

"Leo mawili, mama."

"Kidato cha kwanza wameripoti," alisema Josepha.

Aliingia jikoni, akavaa aproni, akatoa moyo wa kesho kwenye jokofu. Ulikuwa umepoa vya kutosha. Aliondoa mafuta, akaondoa mishipa, akaanza kuusaga, polepole, akisimama kila mara kuhakikisha kwa ncha ya kidole kwamba hakuna hata chembe iliyobaki ngumu.