Lokole Ndani ya Birika

Lukumani alitia mkono ndani ya birika la saruji mpaka kwapani, akapapasa tumbo la lokole. Maji yalinuka kama utumbo wa kambare uliosahauliwa juani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana, nyeupe, inabambuka. Mwaka mzima sasa mkewe Safi alimtengea sahani yake peke yake.

Ngoma hiyo ya mti, ndefu kuliko mtu, ilinaswa na nyavu za wavuvi wa Yanonge. Wazee walisema ililala mtoni tangu kabla ya mzungu wa kwanza. Mkuu wa makumbusho, Mbelgiji, aliandika kwenye kadi kwamba yeye ndiye aliyeigundua; uhuru ulipofika akapanda ndege. Kiti chake kikakaliwa na karani wake, Hilaire. Kadi nayo ikabadilishwa jina.

Lukumani hakuwa na kadi. Alikuwa na maji ya kubadilisha kila asubuhi, na maneno ya wachonga mitumbwi: mti uliolewa maji huachishwa polepole, kama mtoto ziwa. Baada ya birika, mchanga mbichi. Baada ya mchanga, magunia na kivuli.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya kwanza ya uhuru, Hilaire alikuja na kitambaa puani.

"Papa Lukumani, kesho kutwa ministri anakuja. Toa hii kitu, uanike."

"Patron, ikiona jua itapasuka. Tuiweke mu muchanga mwaka moja tu."

"Mwaka moja? Tulingojaka uhuru miaka makumi munane, na wewe unataka tungoje kipande ya muti?"

"Uhuru haikukuwaka mu maji, patron."

Hilaire hakucheka. "Bon. Anika, ao nitasema unangojea Mubeleji wako arudi. Batu ya vile banapelekwa wapi, unajua."

Alijua. Jirani yake Zacharie alipelekwa huko Jumanne kwa sababu ya kusikiliza redio ya Wabelgiji. Vilivyorudi ni viatu vyake, vikiwa miguuni mwa askari.

Akaianika. Hilaire alipokwenda kula, Lukumani aliifunika magunia mabichi; alipomwona anarudi, akayafunua. Siku ya pili adhuhuri lokole ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki; walinzi wote wakalala chini, na mmoja akainua mikono. Ilifunguka toka kichwa mpaka mkia, ikajikunja kama ngozi ya samaki mkavu.

Birika likabaki na maji tu, bila ngoma. Mjini hakukuwa na barafu, kwa hiyo Hilaire akaamuru bia ya wageni ipozwe humo.

"Patron, maji haiyabadilishwa."

"Chupa iko na kifuniko."

Siku ya sikukuu waziri alikunywa mdomo kwa mdomo wa chupa. Uzi wa kijani wa ute ulimning'inia kidevuni. Wageni wote waliuona, hakuna aliyemwambia. Akasimama mbele ya lokole.

"Nani aliharibu mali ya taifa?"

Hilaire akatoa mfukoni kadi mpya, imepigwa mashine tangu jana, akaiegemeza juu ya ufa. Lukumani akalisoma humo jina lake mwenyewe. Lilikuwa halijawahi kuandikwa ndani ya nyumba ile, na lilikuwa sahihi, herufi zote.

Askari wawili wakamshika mikono. Mmoja akaachia, akanusa vidole vyake, akavipangusa kwenye shati la Lukumani, kisha akamshika tena juu ya kiwiko.

Walipofika mlangoni, waziri aliomba chupa nyingine. Hilaire akakunja mikono ya shati, akageuza uso pembeni, akatia mkono ndani ya birika mpaka kwapani.