Jibu Langu Kuhusu Mzinga

Usiku wa jana, Chausiku wangu akiwa bado ameng'ang'ania titi, niliota nimechelewa darasa la jioni. Nimembeba mtoto mgongoni, nafungua mlango wa darasa, naingia ndani ya manowari.

Ni ile tuliyosomeshwa: meli ya vita ya mtoni, ya enzi za babu wa babu zetu, mbao ndani, chuma nje. Mwalimu alikuwa ameuliza mzinga wa meli hiyo ni nini. Nikajibu, "Nyumba ya nyuki." Darasa zima likaangua kicheko.

Sasa natazama mizinga ya manowari. Yote ni ya nyuki.

"Wewe ndiye uliyejibu?" nahodha ananiuliza. Hana uso, ana kofia tu.

"Ndimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Basi tunakwenda vitani na jibu lako."

Fundi anakuja na nyundo. "Humu, Mama Chausiku, kila chenye roho kinavikwa chuma." Anapigilia bamba la kwanza kwenye mbeleko. Mtoto halii. Anapigilia la pili.

"Jamani, ana miezi minne!"

"Ndiyo maana tunampa mabamba madogo."

Mto unakata kona, tunapita katikati ya soko la Ifakara. Wauza mchele wanasogeza magunia, hawashangai. Ng'ambo ya soko yuko adui. Tunamfyatulia nyuki. Anajikuna kidogo, kisha anatutoboa.

Maji yananifika kiunoni. Manowari inaanza kusema, kwa sauti ya bibi mwenye pumu.

"Mwanangu, siku ya kunishusha majini walinipigia ngoma. Wakanivika chuma nisife. Chuma hichohicho kikanizamisha. Wakaja kuniopoa, wakaning'oa bamba baada ya bamba, wakanifua majembe. Fungua hiyo mbeleko."

"Nikifungua ataanguka majini!"

"Akivuliwa chuma ataelea. Ziulize mbao zangu."

Navuta fundo kwa meno. Fundo nalo ni chuma. Mgongo wangu haumsikii tena mtoto akipumua. Namwita, "Chau! Chau!" Maji yako kidevuni.

Ndipo nyuki wanarudi, wale wa jibu langu. Wanatua kwenye fundo, wanalipaka nta, wanalitafuna taratibu kama watu wasio na haraka. Linalegea.

Nikaamka nimemkumbatia. Chausiku alikuwa anapumua, mwepesi vilevile. Nikamweka begani, akacheua.

Mbeleko niliyoifua jana ilikuwa miguuni mwetu, pembe zake zina kutu. Nilipoikunjua, akadondoka nyuki mmoja, mbawa zimelowa maji. Akajikung'uta, akatoka dirishani.