Jiko Lenye Akiba ya Mshono

Mume wangu ni fundi cherehani, na kila mtu anamwita Fundi isipokuwa kaka yake. Shemeji ni mwashi. Anajenga maghorofa, na mdomo wake nao ni ghorofa. Yeye humwita mdogo wake "Sindano". Juzi alitukuta tunachoma nyama kwenye karai bovu, akaangua kicheko: "Sindano, hata jiko la matofali limekushinda?"

Mume wangu akainama, akageuza nyama iliyokwisha geuzwa. Iliniuma, jamani! Nikaropoka: "Njoo Jumapili, shemeji. Utakula kwenye jiko alilojenga kwa mikono yake!"

Shemeji alipoondoka, mume wangu akaniambia, "Mama, umeniponza."

"Liwalo na liwe!"

Weee, wiki hiyo! Alichora msingi bustanini kwa chaki ya nguo. Timazi hatuna, akaning'iniza mkasi kwenye uzi, na ukuta ukanyooka vilevile. Mimi nakoroga saruji na mchanga huku naimba, nimepakaa hadi kope. Majirani wakichungulia, nawaambia kuchungulia ni bure na kusaidia pia ni bure.

Jumapili asubuhi tukaweka wavu wa kuchomea nyama. Ukapitiliza hadi chini, kwaa!

"Kwani ulipimaje?"

"Kama kawaida," akajibu kwa sauti ndogo. "Nikaongeza akiba ya mshono kila upande, kama ninavyoacha kwenye kitambaa."

Akiba ya mshono! Kwenye matofali! Nilicheka mpaka nikakaa mchangani. Yeye alikuwa karibu kulia, lakini kicheko kikamshika naye, tukashikana kama wendawazimu.

"Haya Fundi, gauni likipwaya unafanyaje?"

Akaokota tofali. "Nalibana."

Akalibana. Alipanga matofali mengine kwa ndani, kulia na kushoto, na wavu ukakaa juu yake kama umezaliwa hapo.

Shemeji akaja, akalizunguka jiko akitafuta ufa. Hakuupata. Basi akalipiga teke.

Jiko halikutikisika. Aliyetikisika ni shemeji, akarukaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye maua, kashika dole gumba. Mimi sina mbavu!

"Nani kajenga hili?" akafoka.

"Mimi, kaka," mume wangu akasema, na safari hii hakuinama.

Shemeji akakaa chini, akavua kiatu, akalitazama tena lile jiko.

"Basi niletee maji ya baridi nichovye mguu," akasema. "Tafadhali, Fundi."

Mume wangu akatoka mbio kuyafuata. Akarudi anacheka peke yake, na ndoo tupu; kwa furaha ya kuitwa Fundi, maji kayasahau.