Ushuhuda wa Macho ya Musila

Mimi nina mdomo. Sikatai. Jumapili ya mwisho wa mfungo, mume wangu Musila, aliyekuwa kipofu, aliponinong'oneza kwamba anaona afadhali, sikumngoja amalize. Nilikuwa nimeshafika mbele, maikrofoni mkononi. "Bwana asifiwe! Mume wangu anaona!"

Kanisa letu la mabati hapa Kitengela lilijaa vigelegele. Mchungaji Hillary akamkabidhi Musila Biblia, naye akasoma zaburi nzima bila kukwama. Akina mama walilia. Wiki iliyofuata walinifanya kiongozi wao wa maombi, nami nikaanza kuwafundisha watu imani. Mama mmoja aliyelalamika kwamba mtoto wake haponi nilimwambia usoni kuwa hajaomba vya kutosha. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Kila asubuhi Musila alinisomea mezani nikipiga pasi. Jumanne moja vumbi la malori lilizidi, nikaenda kufunga dirisha, nikachungulia begani mwake. Alikuwa katikati ya zaburi, kidole kikifuata mistari. Ukurasa ulikuwa wa majina ya makabila ya Israeli.

"Baba Ndunge," nikasema, "unasoma nini?"

Kidole kikasimama.

"Zaburi kumi na mbili ndio niko nazo kwa kichwa," akasema. "Nasikizanga kwa simu ukienda soko, na hii nyumba naijua kwa mikono. Mimi sioni, Kaluki. Ile siku ilikuwa tu mwangaza kidogo ya dirisha, na hata hiyo ilienda."

"Na ukanyamaza?"

"Sasa wewe ungeambia watu nini?"

Nilitaka kumrushia pasi. Kisha nikataka kujirushia mwenyewe. Nilipiga magoti pale pale, mimi kiongozi wa maombi. Nilimwambia Mungu kwamba nimemkasirikia, na hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu yote.

Alhamisi tulienda kwa daktari wa macho Kajiado. Alimulika, akamulika tena, akazima tochi. Presha ya macho imeua mishipa, akasema, na mishipa ikishakufa hairudi. Nikamuuliza kama kuna pengine pa kwenda. Akatikisa kichwa. Musila ndiye aliyemshukuru. Mimi nilikuwa nimekodolea macho chati ya herufi ukutani, naisoma mpaka mstari wa mwisho kama mjinga.

Jumapili hiyo tulikuwa na wageni. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba Musila ndiye atakayesoma somo, ili wageni waone mkono wa Mungu. Somo lenyewe lilikuwa refu, la nyaraka za mitume, wala si zaburi.

"Nitasema niko na homa," Musila akaninong'oneza kwenye benchi. Hata wakati huo alikuwa bado ananisitiri mimi.

Jina lake likaitwa. Nilimshika mkono tukaenda mbele pamoja, naye akajikwaa kwenye waya wa spika. Nikachukua maikrofoni.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mume wangu haoni. Daktari amesema hataona tena. Mimi nilikimbilia kushuhudia, na yeye amenibeba miezi minne. Sijui sasa nitaomba nini."

"Amina," kanisa likajibu kwa mazoea, kisha likasikia lilichoitikia. Hakuna aliyekuja kutushika.

Nikauachia mkono wa Musila ili nifungue Biblia. Nilimsomea mstari wa kwanza sikioni, akaurudia kwa sauti yake ile ile ya asubuhi. Wa pili ulinishinda. Machozi yalikuwa yamefunika ukurasa wote, sikuona herufi hata moja, na kanisa zima lilikuwa linangoja. Mchungaji Hillary akasogea katikati yetu kuichukua maikrofoni.

Musila alinyoosha mkono kunitafuta. Aliupata uso wa mchungaji, akaupapasa taratibu, akadhani ni wangu.

"Polepole, mama Ndunge," akamwambia. "Hatuna haraka. Niko hapa na wewe."