Vidole Vitatu Pungufu

Seremala hakuwa na nywele. Hakuwa na jino moja la mbele, hakuwa na redio inayoshika stesheni bila kupigwa kofi, hakuwa na subira ya kungoja chai ipoe, wala hakuwa na mke, kwa maana mkewe alitangulia mbele ya haki zamani, watoto wangali wadogo, na sasa watoto hao walikuwa na watoto wao. Na kwa kuwa upara wake uling'aa kama meza iliyopigwa vanishi, mtu angeapa kwamba hakuwa pia na sababu yoyote ya kushika sindano na kufuma bendi za kichwa.

Sababu alikuwa nayo. Ilikaa upande wa pili wa ukuta.

Karakana yake na duka la mapazia vilitenganishwa na ukuta wa mbao alioujenga mwenyewe enzi za ujana, kwa mbao za bei rahisi, na sauti zilipenya humo kama maji kwenye chujio. Upande wa pili alifanya kazi Mama Pazia, mjane mwenye sauti nzito ya taratibu na nywele tele za mvi alizozikusanya utosini kama tita la pamba. Seremala alitaka kumwoa. Jambo hilo alilijua yeye, alilijua dada yake mkubwa aliyekaa naye nyumba moja, na walilijua hata wateja waliokuja kuulizia vitanda. Ambaye hakuwahi kuambiwa ni Mama Pazia peke yake.

"Utamwambia lini?" Dada alimuuliza siku moja huku akimenya vitunguu.

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zimeumbwa mbili mbili, mdogo wangu. Wewe kila siku unachagua ile ya uvivu."

Seremala alipuliza chai yake, akainywa kabla ya wakati, akaungua ulimi.

Basi ikatokea kwamba timu ya netiboli ya shule ya jirani ilikuwa inakwenda mashindanoni, na wasichana wakataka bendi za kichwa za manjano, wote sare. Kazi hiyo ilipelekwa kwa Mama Pazia, kwani kila Jumamosi alasiri wanawake kadhaa walikutana chumba cha nyuma cha duka lake kufuma. Bendi ya kichwa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote za sindano. Haina mikono kama sweta, haina kisigino kama soksi. Ukiianza baada ya chakula cha mchana, jioni unaivaa. Tatizo lilikuwa wafumaji. Wengine walikuwa safarini, na wasichana walitaka vitu vyao upesi.

"Fundi," sauti ikasema ukutani, "huko kwako kuna mtu mwenye mikono isiyo na kazi?"

Seremala alilitazama kabati la mteja, milango yake bado imelala sakafuni.

"Yupo," alijibu.

Alijichongea sindano kutoka kwenye vipande vilivyobaki vya mninga, akazipiga msasa hadi zikawa laini kuliko maneno ya dalali. Jumamosi ilipofika alivaa shati lililopigwa pasi, akatia penseli nyuma ya sikio kama kawaida yake, akaingia chumba cha nyuma. Waliokuwepo ni Nesi wa zahanati, Muuza Mikate, na Mama Pazia mwenyewe, kila mmoja na donge la uzi mapajani.

"Karibu, Mzee," alisema Nesi. "Ila ukimaliza bendi yako utaijaribia wapi? Hapo juu itateleza kama gari kwenye tope."

"Nitaivaa machoni, nisione wewe unavyofuma."

Muuza Mikate alicheka mpaka vitanzi vikamtoka. Mama Pazia hakucheka, lakini mdomo wake ulijikunja upande mmoja, na Seremala akahesabu hilo kuwa faida.

Alijifunza upesi. Mikono iliyozoea randa na patasi haikuona taabu kuutia uzi mbele, kuuvuta, kuurudisha. Mishono yake ilinyooka safu kwa safu kama mbao za dari. Mama Pazia aliishika kazi yake, akaigeuza, akasema, "Fundi ni fundi," na maneno hayo yalimlisha Seremala wiki nzima.

Siku ya kujaribu, nahodha wa timu aliletwa na mwalimu wake. Alivaa bendi ya Nesi, ikamkaa. Akavaa ya Muuza Mikate, ikamkaa. Akavaa ya Seremala, ikatulia kwenye paji la uso kwa muda wa pumzi moja, kisha ikashuka puani, ikashuka kidevuni, ikapumzika shingoni.

"Imekuwa tai," alisema Muuza Mikate.

"Kola," Nesi alimsahihisha.

Seremala alitoa futi yake ya mbao, akaipima bendi, akakizungushia kichwa cha nahodha uzi, akaupima nao. "Ni sawasawa kabisa," alisema. "Haijazidi hata unywele."

"Ndiyo kosa lenyewe," Mama Pazia akamwambia kwa upole. "Uzi unavutika, Fundi. Bendi inafumwa ikiwa pungufu ya kichwa, vidole vitatu hivi. Kilichobaki kichwa kitajaza chenyewe."

"Pungufu?" Seremala alilitamka neno hilo kama mtu aliyeombwa ashike ngazi ya mwizi. "Mama Pazia, mimi mlango wangu ukipungua vidole vitatu, panya anahamia na familia yake."

"Sijakuomba mlango."

Alikubali kwa mdomo. Mikono ilikataa. Kila alipofika mahali pa kuishia, vidole viliendelea vyenyewe hadi kwenye alama ya penseli aliyoitia kwenye futi, kwa maana kwa seremala kipimo ni kiapo, na yeye hakuwa amekata kitu pungufu tangu siku fundi aliyemfundisha kazi alipomzaba kofi kwa sababu ya mguu wa kiti uliopungua. Bendi yake ya pili ikawa kola. Ya tatu ikawa kola. Mama Pazia alizikusanya kimya kimya katika boksi moja, na Nesi akaandika juu yake: SHINGO. Timu ilivalishwa kwa kazi za wanawake, ikaenda, ikashinda, na nahodha akaja kushukuru. Seremala alipokea shukrani pamoja na wenzake bila kuona haya.

Jumamosi iliyofuata ndipo Mama Pazia alipozishusha sindano mapajani, akasema ana neno.

Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa amejifungua mapacha. Alimtaka mama yake aende, na si kwenda kutembea tu. "Ananiambia, mama, njoo ukae. Basi nitakwenda Alhamisi, duka nitalifunga kwanza." Aliuzungusha uzi kidoleni. "Nikifika huko nitafikiri. Nikiona huku hakuna kinachonirudisha, nitatuma mtu achukue cherehani."

Nesi alimtazama Seremala. Muuza Mikate alimtazama Seremala. Mama Pazia aliutazama uzi, na aliutazama kwa muda mrefu kuliko uzi unavyostahili kutazamwa.

Seremala alikohoa. Maneno yote aliyoyatunza yakapanda kooni kwa pamoja, yakabanana mlangoni kama abiria.

"Cherehani ni mali nzito," alisema. "Itahitaji kreti. Nitakutengenezea."

Nesi alifumba macho.

"Asante, Fundi," alisema Mama Pazia, akaokota sindano zake.

Nyumbani Dada alisimuliwa yote, akaweka mwiko chini. "Mwanamke anakuuliza kama abaki, wewe unamwahidi sanduku la kumsafirishia mali. Ningekuwa mimi ningekupigilia wewe humo ndani."

"Ulimi uliteleza."

"Ungeteleza basi upande wa heri, hata mara moja."

Jumatano alikwenda dukani kupima cherehani. Aliipima urefu, akaipima upana, akaipima kimo, akaandika kwenye kipande cha ubao. Mama Pazia alikuwa amepiga magoti akikunja mapazia. Alipoinuka, Seremala aliazima tepu iliyokuwa ikining'inia shingoni mwa mama huyo, akaizungusha polepole kwenye kichwa chake, chini ya lile tita la mvi.

"Fundi, hiyo siyo cherehani."

"Najua."

"Basi unapima nini?"

"Kuna kipimo nilikikosa."

Mama Pazia alisimama tuli. Angeweza kusogea, na hakusogea. Kipimo hicho kilichukua muda mrefu kuliko cherehani nzima.

"Umepata?" aliuliza mwishoni.

"Nimepata," alijibu, akaandika, akatoka akiwa amesahau penseli, kofia na kilichomleta.

Alhamisi alimbebea begi hadi kwenye basi. Njiani alizungumzia matairi. Alisema matairi ya basi lile ni mazuri, yana meno bado, hayatamsumbua barabarani. Mama Pazia alisema amefurahi kusikia hivyo. Basi likaondoka na matairi yake mazuri.

Siku zilizofuata, ukuta ulikuwa mbao tu. Seremala aliugonga mara moja asubuhi, kwa mazoea, akajifanya anapima kama umelegea. Halafu akaketi kwenye benchi la kazi, akachukua uzi wa bluu uliokolea alioununua kwa kuuchagua mwangani, akaanza kufuma. Bendi ya kwanza ilifika kwenye alama. Akaitazama. Ilikuwa kola ya bluu. Akaifumua yote, akauzungusha uzi, akaanza tena, na safari hii alipokaribia mwisho alivitia vidole vitatu kati ya kazi na alama, akajilazimisha kufunga mishono hapo hapo. Alijisikia kama mtu anayepunja mteja mchana kweupe. Aliilaza kando ya ubao wenye kipimo, akaiona fupi, mbaya, ya aibu. Akaivuta. Ikaja hadi kwenye alama bila kunung'unika, ikakaa hapo. Alipoiachia ikarudi.

Akaivuta tena, na tena. Mteja wa kabati, aliyekuja kuulizia milango yake, alimkuta anachezea bendi na kucheka peke yake. Akaona ni busara arudi siku nyingine.

Jioni hiyo aliandika barua. Aliijua kalamu vizuri, na kwa sababu hiyo barua ya kwanza ilianza hivi: *Kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu.* Dada alisoma kwa juu ya bega lake.

"Unaomba mke au unaomba leseni ya biashara?"

Ya pili aliijaza methali, zote za subira.

"Atadhani umemtumia kalenda," alisema Dada.

"Nenda jikoni, Dada. Nakuheshimu, lakini nenda jikoni."

Dada alikwenda, akabaki na sikio mlangoni. Kwa muda mrefu hakusikia kitu, kisha akasikia kalamu ikienda mfululizo bila kusimama. Seremala aliandika:

*Mama Pazia,*

*Kreti sijatengeneza. Mbao zipo, nia haipo. Nataka kukuoa. Nilitakiwa kulisema Jumamosi ile mbele ya wale wanawake, na nilitakiwa kulisema tangu siku niliyouona ukuta wangu unapitisha sauti nisiuzibe.*

*Sikuombi uwaache wajukuu. Ukitaka kurudi, rudi, nitakuwa hapa. Ukitaka kukaa, niandikie neno moja tu, nitafunga karakana nije huko na vifaa vyangu. Misumari iko kila mji. Dada anasema yeye atakuja pia, hata asipoalikwa.*

*Bendi hii ni yako. Nimepunguza. Ikikubana, usivumilie, niambie.*

*Mimi, jirani yako.*

Aliisoma mara moja, akaona kwamba akiisoma tena ataichana. Akaikunja, akailaza bendi juu yake, akatia vyote viwili kwenye bahasha.

Asubuhi karani wa posta aliibonyeza bahasha kwa kidole. "Ina kitu laini ndani, mzee. Nifungulie nione."

Seremala akaitoa bendi, akailaza mezani. Karani aliitazama bendi, kisha akainua macho hadi kwenye ule upara.

"Ya kwako?"

"Ya mchumba wangu."

"Hongera. Yeye anafurahia uchumba?"

"Hajajua bado. Atajua mkiifikisha, kwa hiyo msinicheleweshee."

Foleni nyuma yake ikacheka, na mama mmoja aliyebeba mtoto akasema, "Karani, ipeleke ya haraka, huyu babu hana muda." Seremala hakugeuka. Aliirudisha bendi ndani, akalowesha gundi ya bahasha kwa ulimi, akaipiga pasi kwa kiganja chake kipana toka pembe hadi pembe kama anavyobana ubao uliotiwa gundi, akaishikilia hapo mpaka karani akanyoosha mkono kuidai. Muhuri ukagonga. Bahasha ikaruka ndani ya gunia la barua za siku ile, na mtu wa gari akalifunga gunia, akalibeba, akatoka nalo.