Mama wa Kuazima

"Sema tena," nilimwambia. "Mama yako ni nani?"

"Mbula."

"Mbula wa nani?"

"Mbula wa Syokau. Syokau wa Ndinda. Ndinda..." Wangui akakwama.

"Ndinda wa Kalekye, aliyetoka Kilungu. Wewe, usinikwamie! Kule mbele sitaweza kukunong'oneza."

Tulikuwa tumeketishwa chini katika uwanja mmoja wa Parklands, mistari kwa mistari, jua likitupiga utosini. Ilikuwa Aprili ya mwaka hamsini na nne, na serikali ya Wazungu ilikuwa imeamua kuufagia mji kuwasaka waasi. Kila Mkikuyu aliyepatikana alitengwa upande wa kulia, ndani ya ua wa seng'enge, na kutoka pale malori yalikuwa yakiondoka yamejaa watu. Yalikokwenda hatukuambiwa.

Sisi ni Wakamba, lakini Wangui, mke wa kaka yangu Muli, alikuwa Mkikuyu. Muli alikuwa Mombasa kwa kazi ya reli, naye mkewe na binti yao mdogo walikaa nami katika chumba changu cha yaya, nyuma ya nyumba ya Mzungu wangu kule Kileleshwa. Asubuhi hiyo tulikuwa tumetoka na mtoto kununua mboga tu, tukakuta barabara imefungwa mbele na nyuma.

Sitasema nilimpenda sana. Supu yake ilikuwa maji matupu, na nikimgombeza alinyamaza, jambo linaloudhi kuliko kujibiwa. Lakini alikuwa wetu. Apakiwe lori mbele ya macho yangu, nimwambie nini Muli?

Kikamba alikijua vizuri. Shida ni kwamba askari aliyehoji watu mezani kule mbele, Mkamba mmoja aliyeitwa Kisilu, hakuwa mjinga. Nilimsikia akiwauliza wanawake waliotutangulia: mama yako nani, mama yake nani, wa ukoo gani? Lugha mtu anaweza kujifunza sokoni, lakini mama wa mama yako humpati sokoni. Aliyesita alipelekwa kulia. Basi nikaamua kumfanya Wangui ndugu yangu wa tumbo moja. Nikampa jina la Nthenya na kumwazima mama zangu wote.

"Syokau alikuwa wa ukoo gani?"

"Anzauni," alijibu, halafu ghafla akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Wifi Kanyiva, tazama pale kwenye seng'enge."

Nikatazama. Miongoni mwa wale waliokwisha kutengwa alikuwa ameketi Nyakeru, mama yake mzazi, muuza viazi, kitambaa chake cha buluu kichwani. Kila Jumapili alitutembelea Kileleshwa na kiazi cha kuchoma kwa mjukuu wake. Sasa alikuwa hatua chache tu kutoka mezani, na alikuwa ametuona.

"Usimtazame," nikasema. "Wangui, ukimtazama tumekwisha."

Tukaitwa. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikamgeuza uso upande mwingine asimwone bibi yake.

"Huyu ni ndugu yangu, Nthenya," nikaanza.

"Sikukuuliza wewe," Kisilu akasema kwa Kikamba. Nyuma yake alisimama afisa wa Kizungu akijigonga buti kwa fimbo. "Wewe, Nthenya. Mama yako?"

"Mbula wa Syokau."

"Syokau wa nani?"

"Wa Ndinda. Ndinda wa Kalekye, wa Kilungu."

Hakukwama. Ningaliweza kumbusu.

"Na mtoto anaitwa nani?"

"Mbula," nikajibu upesi, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Kisilu akainua kichwa. "Mtoto wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mbula ni mama yenu nyinyi. Kwani baba wa mtoto hana mama?"

Desturi ilikuwa imetushika shati. Kweli mtoto alipewa jina la mama wa baba yake: mama wa Muli, ambaye ndiye mama yangu.

"Hana baba," Wangui akasema. "Nilimzaa nyumbani. Ndiyo sababu akaitwa kwa upande wetu."

Askari wengine wakacheka. Mwanamke aliyeolewa kwa mbuzi na ng'ombe alisimama pale akichekwa, wala hakuinamisha kichwa.

"Na huyo Mbula, mama yako, yuko wapi?"

Mama yangu mimi tulimzika zamani. Wa Wangui alikuwa pale, akisikia kila neno.

"Alikufa," Wangui akasema.

Kwa swali moja alimpoteza mume, kwa la pili mama. Kisilu alikuwa ameshainua mkono kutupeleka kushoto, kwenye usalama, mtoto alipojipindua mgongoni mwangu, akanyoosha mikono kuelekea seng'enge.

"Cucu!" akaita. "Cucu!"

Ndivyo Wakikuyu wanavyomwita bibi. Fimbo ya yule Mzungu ikanyamaza.

Kisilu akageuka. "Wewe mama! Unajua hii mtoto?"

Nyakeru akamtazama mjukuu wake, kisha akatema mate pembeni.

"Hiyo mtoto ya Wakamba? Inaita kila mwanamke mzee cucu, inataka kiazi tu. Na mama yake mchoyo, hajanunua kwangu hata siku moja. Toa hao hapa, mimi iko na shida zangu."

Kisilu akacheka. Akatupungia mkono tuende kushoto.

Tulitembea. Mgongoni mwangu mtoto aliendelea kuita, na nyuma yetu tulisikia lori likiwashwa. Wangui hakugeuka. Mimi niligeuka, nikaona kile kitambaa cha buluu kikipandishwa.

Tulifika karibu na Kileleshwa. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Na aibu pia, maana viazi vya yule mama nimevila miaka mitatu na hata siku moja sikumuuliza kwao ni wapi.

"Wifi," nikasema, "wewe umebeba mama zangu leo. Nipe na wako. Tumfundishe mtoto, asije akawasahau."

Wangui akasimama kando ya barabara.

"Mimi ni wa Nyakeru," akasema. "Nyakeru wa Wanjeri. Wanjeri wa..."

Nikamngoja.

"Wa nani?"

"Sijui, Kanyiva. Mama ndiye aliyejua."