Mlango wa Nyuma wa Klabu

Mwaka ule viwanda vya samaki vya Hull, mji wa bandari huko Uingereza, vilipokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, Maxine Thackray alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye kipara cha kunyoa, mabuti mazito na ulimi usioogopa mtu. Shule ilikuwa imemfukuza, mama yake amemchoka. Aliyemvumilia ni Clive tu, mlezi wa klabu ya vijana pale mtaani. "Hapa ni kwenu," alizoea kuwaambia vijana. "Msikubali mtu awatoe."

Basi baraza la mji liliposema klabu itabomolewa, Maxine aliyachukua maneno yale kama yalivyo. Asubuhi moja yeye na wenzake waliingia, wakaburuta meza ya biliadi hadi mlango wa mbele, wakajifungia. Polisi wakajaa nje, mvua inawanyeshea.

"Tokeni, nyie watoto!"

"Njoo ututoe, kitambi wewe!" Maxine alijibu dirishani. Wenzake wakaangua kicheko.

Mchana Clive akagonga mlango wa nyuma, amebeba viazi vya kukaanga vinavyonukia siki. Dez, rafiki yake Maxine tangu utotoni, hakugusa chakula.

"Maxi, mbona polisi wamempisha huyu?"

"Koma, Dez! Clive ni wetu."

Clive akawaambia wapumzike, yeye atalinda nyuma. Hawajamaliza kula, kishindo cha mabuti kikatokea huko huko nyuma. Maxine aligeuka, akamwona Clive ameushikilia mlango wazi, askari wanapita ubavuni mwake, naye anaonyesha kidole.

"Yule pale. Ndiye kiongozi wao."

Dez alijitupa mbele ya Maxine, askari wakamvunja mkono. Maxine aliburutwa hadi uani. Alipofika mbele ya Clive aliacha kupigana.

"Si ulisema ni kwetu?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Ipo siku utanishukuru."

Maxine akamtemea mate usoni.

Alifungwa miezi mitatu. Alipotoka, klabu ilikuwa kifusi, na Clive alikuwa na ofisi kwenye baraza la mji, akishughulikia mambo ya vijana. Dez alimngoja kwenye geti la gereza, mkono umepinda. Maxine alisubiri aambiwe, "Si nilikwambia?" Dez alimwashia sigara tu, wakaelekea kituo cha basi, na hapo ndipo Maxine alipolia.